Famasi ya mtandaoni, WhatsApp ya duka la mtaani au kaunta: nani anabaki na siri ya dawa yako?

Jina la dawa hutaja ugonjwa. Anayejua unameza metformin kila siku atasema una kisukari. Anayeona tenofovir kwenye risiti yako atafikiria Ukimwi moja kwa moja, na huenda akakosea, maana dawa hiyo hutumika pia kutibu homa ya ini aina ya B na kuwakinga wasio na VVU wasiambukizwe. Lakini akishakosea na kumwambia jirani, nani atazunguka mtaa mzima kusahihisha? Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana inanisikitisha kuona watu wakilinganisha njia za kununua dawa kwa bei na kasi ya kuletewa tu, na kuliacha kabisa swali la nani atabaki na taarifa zao baada ya kidonge kumezwa.

Hapa nalinganisha njia tatu ambazo watu wa Kenya na Tanzania wanazitumia hasa: famasi ya mtandaoni yenye tovuti au programu yake, duka la dawa la mtaani linalopokea oda kwa WhatsApp, na muuzaji wa Instagram au Facebook. Kaunta ya kawaida, kwa mguu wako na pesa taslimu, nimeiweka kama kipimo cha kuzipimia hizo tatu.

Mwenye haraka achukue jibu langu sasa hivi. Kwa dawa ya kila mwezi, famasi ya mtandaoni yenye leseni ndiyo ningeichagua, mradi uifungie milango kadhaa nitakayoieleza. Kwa dawa ya mara moja ambayo hutaki ijulikane, kaunta na pesa taslimu bado haijapata mpinzani. WhatsApp ya duka unalolifahamu inafaa ukijua namna ya kuitumia, na wengi hatujui. Muuzaji wa mtandao wa kijamii asiye na duka wala leseni usimpe hata jina.

Wanachokuuliza kabla hujalipa

Kaunta ndiyo inayouliza machache. Panadol, dawa ya minyoo, kondomu, P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba): unataja, unalipa, unaondoka, na hakuna aliyeandika jina lako popote. Dawa ya cheti cha daktari ni tofauti kidogo, kwa sababu mfamasia lazima akisome cheti, na kwa dawa za kulevya na nyingine zinazodhibitiwa sheria inamtaka aweke kumbukumbu. Udhaifu wa kaunta ni masikio. Kuna watu watatu nyuma yako kwenye foleni, na mhudumu anauliza kwa sauti ya juu, "Hiyo ya kuwashwa ni ya sehemu gani?" Wengi walikimbilia mtandaoni kwa sababu ya swali hilo hilo, na siwalaumu.

Famasi ya mtandaoni inaondoa masikio ya foleni lakini inaleta fomu: jina, namba ya simu, barua pepe, mahali unapoishi, tarehe ya kuzaliwa, mzio ulio nao, wakati mwingine kadi ya bima. Kisha inakuomba picha ya cheti, na hapo ndipo penye uzito. Kitazame cheti chochote cha hospitali kilicho nyumbani kwako: kina jina lako kamili, umri, namba yako ya faili, jina la hospitali na la daktari, mara nyingi na ugonjwa wenyewe umeandikwa kwa kifupi juu ya orodha ya dawa. Picha moja tu inabeba mambo mengi kuliko fomu yote uliyoijaza.

Wapo watakaosema kwamba dawa zisizohitaji cheti hazina siri yoyote. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa hoja hiyo tarehe 4 Oktoba 2024. Mfamasia mmoja wa Ujerumani alikuwa akiuza dawa kupitia Amazon, na mshindani wake akamshtaki kwamba hachukui ridhaa ya wateja ipasavyo. Mahakama ikasema jina, anwani na dawa aliyoagiza mteja ni taarifa za afya, hata kama dawa hiyo haihitaji cheti, na hata kama huenda aliyeagiza anamnunulia mtu mwingine. Uamuzi huo haufungi nchi zetu, lakini hoja yake inafaa kushikwa: ukiunganisha mtu na dawa, umeshaunganisha mtu na ugonjwa.

Sheria zetu nazo haziko mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaiweka afya kwenye kundi hilo, na inaongeza hata miamala ya fedha ya mtu. Dawa unayoilipia kwa simu inakugusa kwa pande zote mbili.

WhatsApp ya duka la mtaani

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni njia inayotumiwa sana na inaaminiwa kuliko inavyostahili. Watu wamesikia kwamba ujumbe wa WhatsApp hufumbwa kutoka simu moja hadi nyingine, na ni kweli, tangu mwaka 2016. Hakuna mtu wa katikati anayeusoma njiani. Tatizo la cheti chako haliko njiani. Liko pale kilipofika.

Itazame simu ya duka. Iko kando ya kikokotoo, imechomekwa chaji, skrini ina ufa. Asubuhi anaishika mhudumu mmoja, jioni mwingine, Jumapili anaishika ndugu wa mwenye duka aliyekuja kusaidia. Nenosiri lake wanalijua wote, kwa sababu lazima wote waifungue. Picha ya cheti chako imeingia kwenye WhatsApp, na kama mipangilio haijabadilishwa imejihifadhi pia kwenye picha za simu, kati ya picha za harusi na za bidhaa mpya. Kama simu imeunganishwa na Google Photos, kuna nakala nyingine huko. WhatsApp inaruhusu akaunti moja kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo kompyuta ya mwenye duka nyumbani kwake inaiona pia. Na nakala ya akiba ya mazungumzo inayokwenda Google Drive haifumbwi mpaka mtu aingie kwenye mipangilio na kuwasha kinga hiyo mwenyewe. Mhudumu wa zamani aliyeacha kazi mwaka jana, je, kifaa chake kiliondolewa kwenye orodha? Swali hilo sijasikia wateja wakiliuliza.

Kisha kuna mambo ambayo duka hufanya kwa nia njema kabisa. Dawa ikikosekana, si ajabu mhudumu akachukua picha ile ile ya cheti na kuisambaza kwenye kundi la wauza dawa kuuliza nani anayo. Sekunde moja, na jina lako liko kwenye simu za watu usiowajua. Ili akukumbuke, atakuhifadhi kwenye simu kwa jina la maradhi yako: Mama Asha Presha, Bwana Juma Sukari. Ili akuuzie tena, atakuingiza kwenye kundi la wateja, na kila aliye kwenye kundi ataiona namba yako. Kundi hilo likiwa limepewa jina la ugonjwa, mambo yamekwisha.

Uzuri wa njia hii ni mtu mwenyewe. Mfamasia wa mtaani anayekufahamu atakuzuia usichanganye dawa mbili zinazogombana, atakukumbusha kwamba dawa ya mtoto imebaki kidogo, na ukimwomba afute kitu unamtazama usoni. Programu nyingi hazikupi hilo. Kwa hiyo simwambii mtu aache. Namwambia abadilishe anachotuma. Anza na maandishi matupu: "Mnayo amlodipine ya miligramu 5? Bei gani?" Hapo hujaandika jina lako wala kutuma cheti, ni ulizo la kawaida ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote. Wakiwa nayo, onyesha cheti halisi mkononi unapokwenda kuchukua. Kama lazima utume picha, funika kwa karatasi sehemu ya ugonjwa na namba ya faili, na uitume kwa ile njia ya kutazamwa mara moja tu, ambayo picha haibaki kwenye mazungumzo. Washa ujumbe unaojifuta kwa saa 24. Ukishachelewa, "futa kwa wote" hufanya kazi kwa siku mbili hivi, baada ya hapo unafuta upande wako tu. Na mfamasia asikie mdomoni mwako maneno haya: nisitiwe kwenye kundi lolote.

Famasi ya mtandaoni yenye leseni

Kenya ina famasi za aina hii kwa miaka kadhaa sasa. MyDawa ilianza mwaka 2017 kwa leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, na maduka makubwa ya dawa nayo yakafungua tovuti zao. Kwa siri za mteja, faida ya kwanza ni mpangilio. Oda yako haikai kwenye simu ya kaunta inayoshikwa na kila mtu. Iko kwenye mfumo ambamo kila mfanyakazi anaweza kupewa akaunti yake, aone kinachomhusu, na akichungula pasipomhusu alama ibaki. Nasema "anaweza" kwa sababu si kila kampuni hufanya hivyo. Faida ya pili ni kwamba kuna wa kumshika: jina la kampuni, leseni ya famasi, usajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sera ya faragha unayoweza kuisoma kabla ya kununua.

Hasara yake ni kumbukumbu ndefu. Mfamasia wa kaunta atakusahau baada ya wiki mbili. Mfumo utakumbuka kwamba Machi mwaka jana ulinunua kipimo cha mimba, Aprili foliki asidi ya wajawazito, na kwamba Juni uliacha kununua. Mtu akiusoma mtiririko huo anajua habari ambayo pengine hukuwaambia hata dada zako.

Na leseni peke yake haizuii usaliti. Uingereza, famasi ya mtandaoni ya Pharmacy2U, yenye idhini ya huduma ya afya ya taifa hilo, ilitozwa faini ya pauni 130,000 mwezi Oktoba 2015 kwa kuuza majina na anwani za wateja wake zaidi ya 20,000 bila ridhaa yao. Orodha ilitangazwa sokoni kwa pauni 130 kwa kila wateja 1,000, na miongoni mwa walionunua ilikuwemo kampuni ya bahati nasibu ya Australia iliyokuwa ikiwatafuta wazee. Fikiria: mzee anaagiza dawa zake za presha, kisha zinaanza kuingia barua za kumwambia ameshinda mamilioni.

Siku hizi data mara nyingi hata haihitaji kuuzwa kwa orodha ya namna hiyo. Inavuja yenyewe kupitia vifuatiliaji vya matangazo, vipande vidogo vya msimbo wa kompyuta ambavyo wenye tovuti huviweka ili kujua tangazo lao la Facebook au Google limeleta wanunuzi wangapi. Marekani, Tume ya Biashara ya huko iliichukulia hatua GoodRx Februari 2023, programu ya kuponi za kupunguza bei ya dawa, kwa faini ya dola milioni 1.5. Ilikuwa imewaahidi watumiaji kwamba haitatoa taarifa zao za afya kwa watangazaji, huku zikienda Facebook, Google na kampuni ya matangazo ya Criteo. Mwezi Agosti 2019 ilikusanya hata orodha ya watu walionunua dawa za moyo na presha, ikapakia barua pepe na namba zao Facebook ili iwalenge kwa matangazo. Sweden, Agosti 2024, mamlaka ya faragha iliitoza Apoteket krona milioni 37 na Apohem krona milioni 8 kwa sababu ya pikseli ya Meta, kifuatiliaji cha kampuni mama ya Facebook, iliyokuwa kwenye tovuti zao. Taarifa za cheti hazikuguswa, lakini manunuzi ya bidhaa za kawaida yalipita, vikiwemo vipimo vya magonjwa ya zinaa. Hakuna aliyeingia usiku kuiba chochote. Kitufe kilibonyezwa kwenye mipangilio, na watu wa ofisini hawakujua kinafanya nini.

Kwa hiyo famasi ya mtandaoni isipimwe kwa rangi ya tovuti yake. Fungua kwanza sera ya faragha utafute mambo matatu: wanampa nani taarifa zako (neno "washirika" bila majina ni dalili mbaya), wanazishika kwa muda gani, na unamwandikia nani ukitaka zifutwe. Wasipokuwa na sera kabisa, funga ukurasa. Kwenye Play Store, kila programu ina sehemu ya "Usalama wa data" inayotaja inachokusanya na inachowapa wengine. Imejazwa na mwenye programu mwenyewe, lakini hata hivyo wapo wanaokiri humo mambo ya kukufanya uache. Programu ikiomba kuingia kwenye orodha ya majina ya simu yako, ikatalie. Hakuna dawa duniani inayohitaji kujua namba ya shemeji yako. Mahali ulipo, ruhusu ukiwa unaitumia tu.

Mimi ningependa tovuti kuliko programu kwa mtu anayenunua mara moja moja. Kwenye tovuti nyingi unaweza kununua kama mgeni bila kufungua akaunti, unakataa vidakuzi (cookies) vya matangazo, unamaliza na kuondoka. Usiingie kwa kutumia akaunti yako ya Facebook hata kama kitufe kinakuvutia kwa urahisi wake. Na ukifungua akaunti, angalia arifa: ujumbe unaotokea kwenye skrini iliyofungwa ukisema "Oda yako imetumwa" hauna shida, unaotaja jina la dawa mbele ya kila aliye mezani una shida kubwa. Zima arifa hizo au zielekeze kwenye barua pepe ambayo familia haiitumii kwa pamoja.

Leseni iangaliwe hata hivyo, maana bila leseni hata dawa yenyewe huna uhakika nayo. Kenya ni PPB. Tanzania, Baraza la Famasi ndilo linalosajili maduka ya dawa na wafamasia, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inasimamia dawa zenyewe. Tovuti isiyotaja mahali ilipo famasi yake, jina la mfamasia wake wala namba ya usajili haijakuonyesha kwamba ni famasi.

Muuzaji wa Instagram na Facebook

Sitakaa hapa sana. Hana cheti cha ukutani, hana kitabu, hana wa kumshtaki. Bidhaa zake ni zile zile zinazotafutwa kwa aibu: dawa za nguvu za kiume, za kupunguza uzito, za kutoa mimba, za kujichubua. Anachokipata kwako ni jina lako, picha yako ya wasifu, orodha ya marafiki na ndugu zako, na mazungumzo yaliyoandikwa kwa mkono wako ukieleza tatizo. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji kingine ili akudai fedha. Hata yale maoni ya "bei inbox" chini ya tangazo yanaonekana na kila anayekufuata.

Malipo ndiyo mlango wa nyuma

Unaweza kuwa makini kila mahali kisha M-Pesa ikakusema. Ukilipa kwa till au kwa Lipa Namba, ujumbe wa kuthibitisha unataja jina la duka, na unakaa kwenye simu ambayo mwenzio anaishika akitaka kupiga picha. Duka nalo hupata jina la aliyelipa pamoja na namba, nzima au iliyofichwa sehemu, hata kama ulijitambulisha kwa jina la nyumbani. Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni taarifa ya miamala. Ukiomba mkopo benki utaambiwa ulete ya miezi sita, na afisa mikopo ataisoma mstari kwa mstari. Mstari wenye jina la duka la dawa hausemi umenunua nini, lakini jina la kliniki ya uzazi au ya magonjwa ya akili linasema vya kutosha.

Kampuni nyingine zina till yenye jina la kampuni mama lisilotaja dawa wala tiba. Hiyo ni faida halisi kwa wanunuzi wa mtandaoni, na inafaa kuulizwa kabla ya oda ya kwanza. Pesa taslimu dawa inapofika mlangoni ni bora zaidi pale inapokubaliwa. Bima nayo ina macho yake: anayelipa huona alicholipia, na pale kadi inapokuwa ya familia, mwanachama mkuu anaweza kuona matumizi ya waliomo. Binti wa miaka 20 aliye kwenye bima ya baba yake anayetaka vidonge vya kupanga uzazi atalipa kidogo tu akinunua kwa pesa zake, na hatakuwa na la kueleza.

Mtu wa boda

Nchi zetu hazina namba za nyumba za kutegemewa, kwa hiyo mleta dawa hupewa jina, simu, na maelezo: geti la bluu, mkabala na msikiti, uliza kwa fundi cherehani. Hapo fundi cherehani naye ameingia kwenye habari. Tofauti ya njia zetu hapa inategemea mfuko na karatasi ya nje. Famasi nzuri ya mtandaoni hufunga dawa kwenye mfuko usioonyesha ndani, wenye muhuri unaochanika, na karatasi ya nje ina jina, simu na namba ya oda peke yake. Duka la mtaani mara nyingi hutia dawa kwenye karatasi nyembamba ya khaki, kisha humpelekea mtu wa boda ujumbe wako wote kama ulivyouandika, na jina la dawa limo. Akifika anapiga simu akiwa getini: "Nimeleta zile dawa za sukari."

Mambo mawili yanasaidia. Mwandikie muuzaji anwani kwenye ujumbe tofauti na ule wa dawa, ili akiusambaza usibebe kingine. Au chukua mwenyewe kwenye tawi au kituo cha kuchukulia mizigo, njia inayokata maswali yote ya mtaani. Insulini inayokuja na boksi la barafu itajitangaza yenyewe. Hiyo ipokee kazini kama kazini pana amani kuliko nyumbani, au kinyume chake.

Ukitaka kufutwa

Huu ndio mstari ambapo famasi yenye leseni inazishinda nyingine kwa mbali. Kenya, sheria inakupa haki ya kuona walichonacho juu yako, kukisahihisha, na kudai kifutwe pale ambapo hakuna sheria inayowataka wakishike. Data ikivuja, kampuni ina saa 72 za kumwarifu Kamishna. Malalamiko yako yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, yoyote iliyo ndogo. Ofisi hiyo haijakaa bure: mwaka 2023 iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Tanzania, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024.

Duka la WhatsApp linafungwa na sheria hizo hizo, lakini utamtaka mwenye duka afute nini wakati yeye mwenyewe hajui nakala ziko ngapi? Muuzaji wa Instagram atakuzuia usimwone, basi.

Nani achague nini

Mwenye presha, kisukari, pumu au dawa ya tezi achukue famasi ya mtandaoni yenye leseni. Kumbukumbu ndefu, ambayo nimeilalamikia, kwake ni msaada, kwa sababu mfamasia anaona dawa zake zote pamoja na kugundua mgongano. Alipe kwa till isiyotaja dawa, azime arifa, akatae matangazo.

Anayehitaji P2 asifungue programu yoyote. Inafanya kazi vizuri zaidi kadiri inavyomezwa mapema, ndani ya saa 72, na kaunta ya mtaa wa pili kwa pesa taslimu haichukui dakika tano wala haiulizi jina. Kipimo cha VVU cha kujipima nyumbani ni hiari ya mtu mwenyewe: kaunta isiyomjua, au tovuti yenye leseni kama mgeni, achukue kwenye kituo.

Anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU, hana sababu ya kununua mtandaoni. Kenya na Tanzania zinatolewa bure kliniki, na aliye imara hupewa za miezi kadhaa kwa pamoja. Akiogopa kuonekana kwenye kliniki ya karibu, ana haki ya kuomba kuhamishiwa nyingine ya mbali. Anayemtangazia ARV kwenye Facebook anataka fedha yake, jina lake au vyote viwili.

Dawa nyingi za usingizi na za wasiwasi, na baadhi ya za magonjwa ya akili, zina kumbukumbu za kisheria popote utakapokwenda. Hapo chagua mfamasia mmoja tu na ubaki naye, wa kaunta au wa mtandaoni, badala ya kuacha vyeti katika maduka sita.

Na kwa walio Muscat, Dubai, London au Minnesota wanaowalipia wazazi wao dawa huku nyumbani: oda ikifunguliwa kwa barua pepe yako, historia ya afya ya mama inakaa kwako, na arifa za dawa zake zinakuja kwenye simu yako ukiwa kazini. Muulize kwanza kama anaridhia. Akisema la, mtumie fedha, akaunti ifunguliwe kwa namba yake mwenyewe, na risiti ziende kwake.